Fundi, Boti Mpya na Plombe Yangu

Kwanza niwataje wanaowajibika, ili msomaji asipoteze muda akiwatafuta. Boti ya tajiri wa Butembo haikuharibiwa na Fundi. Iliharibiwa na watu wawili: kamanda aliyeitumia kwa matembezi yake huku akiiita chombo cha doria, na mkuu wa bureau, yaani ofisi, ya usafiri ya Beni aliyezuia injini isifunguliwe wakati ilipopaswa kufunguliwa. Kamanda aliondoka pamoja na vita vyake. Mkuu wa bureau yuko hai, amestaafu, na ndiye anayeandika maneno haya. Fundi, ambaye hakuwa na kosa lolote, ndiye peke yake aliyeandikwa katika faili kwa neno sabotaji, yaani hujuma. Kwa sababu ya neno hilo, shule ya ufundi ya Butembo inayomhitaji imeshindwa hadi leo kumpa mkataba wa kufundisha.

Jina lake silitaji. Limekwisha kutajwa vya kutosha pale lisipostahili. Nitamwita Fundi, kama tulivyomwita sote, wanunuzi wa kahawa, mapadri, askari wa kila jeshi lililopita, na sisi watumishi wa serikali tuliobaki mezani wakati serikali zenyewe zilipokuwa zikibadilishana mlango.

Sijapata kumwona ameketi kwa dakika tano mfululizo. Hata kanisani, alikoimba sauti nene katika kwaya, alisimama nyuma karibu na mlango, mguu mmoja ukigongagonga sakafu nje kabisa ya mdundo wa wimbo. Alipoletewa mashine, iwe ya kukoboa kahawa, ya kusaga mihogo au ya kutoa umeme, aliizunguka, akarudi, akaizunguka tena, huku mwenye mashine akimfuata nyuma akieleza ubovu wake.

"Acha iseme yenyewe, papa," alimwambia. "Weye unasema mingi kuipita."

Kisha alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Huo ndio ulikuwa utulivu wake wote, na haukudumu.

Nilimfahamu kwa njia ya kazi. Kila chombo chenye injini katika eneo letu kilipaswa kupata hati kutoka bureau yangu, na hati haikutolewa bila maoni ya fundi anayetambulika. Alikuja Beni kutoka Butembo kwa pikipiki ambayo ilikuwa aibu ya taaluma yake. Mtu huyu aliyewagombeza watu kwa sababu ya tone moja la mafuta alipanda chombo kilichotoa moshi kama tanuri la matofali, taa yake ya mbele imefungwa kwa kamba ya nailoni. Nilipomwonya kwamba kwa kanuni zangu pikipiki hiyo haistahili kuwa barabarani, alijibu bila haya: "Ya kwangu inajua niko na kazi ya batu. Inavumilia."

Niliihitaji sahihi yake kuliko yeye alivyouhitaji muhuri wangu, na hakuacha kunikumbusha.

Alikuwa na desturi moja ambayo matajiri waliichukia. Alipomwaga mafuta ya zamani kutoka kwenye injini, aliyachuja kupitia kitambaa cheupe, na mwenye mashine alilazimika kusimama pale na kuyagusa kwa vidole vyake mwenyewe. Hakukubali mwakilishi. Niliwahi kumwona mfanyabiashara mkubwa wa mbao, shati lake likiwa jeupe kuliko kitambaa, amenyoosha kidole kimoja kama anayepimwa damu.

"Unasikia mchanga mchanga?" Fundi alimuuliza.

"Ninasikia."

"Hapana mchanga. Ni chuma. Injini ya mupya inang'oka meno ya utoto. Ukiyatoa, inakuwa mutu muzima. Ukiyaacha ndani, inayatafuna."

Yeye mwenyewe aliweza kutofautisha, kwa kusugua kidole gumba na cha shahada tu, chuma kilichotoka kwenye silinda na kile kilichotoka kwenye gia. Nilidhani anajigamba. Nikamjaribu kwa siri na fundi mwingine aliyekuwa na darubini ya mkono, na majibu yakalingana. Nalieleza hili kwa makusudi, ili ijulikane mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi gani.

Sasa boti. Ilifika Butembo juu ya lori, ndani ya mji ulio milimani, ambako maji mengi tunayoyaona ni yale ya mvua yanayoshuka barabarani. Tajiri aliyeiagiza alikuwa na ndoto ya kuwapeleka wageni wake kutembea ziwani, upande wa Kyavinyonge, vita vikiisha. Aliiweka uani juu ya gari lake la kukokotwa, viti vikiwa bado vimevikwa nailoni ya kiwandani, na watu wakaja kuitazama tangu asubuhi hadi jioni. Mimi niliitwa kuandika maelezo yake. Nilizunguka, nikapima, nikainama nyuma, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba helisi ya kusukuma maji haipo na yadhaniwa kuwa imeibwa njiani. Dereva wa lori alishikiliwa mara moja.

Fundi alifika, akasoma karatasi yangu, akanitazama kwa huruma. Akalala chali chini ya boti, akaingiza mkono hadi bega katika tundu la nyuma, na sauti yake ikatokea chini, akiniita mkuu kwa Kifaransa kama alivyozoea: "Chef, leta mukono yako."

Nililala chini na suti yangu. Aliuongoza mkono wangu hadi vidole vikagusa mapanga ya chuma ndani kabisa.

"Njo ile. Inakaa ndani ya nyumba yake. Inanyonya maji ku tumbo, inayatapika nyuma. Achilia dereva."

Watu walicheka mpaka nikasahau kumdai karatasi yangu. Dereva aliachiliwa, na nilifuta sentensi ile kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaweka sahihi pembeni, kama kanuni inavyotaka. Tangu hapo, kila nilipojifanya najua jambo la ufundi, alinyoosha mkono kuelekea chini na kuuliza, "Helisi iko wapi, Chef?"

Kijitabu cha boti kilikuwa katika lugha ambayo hakuna aliyeisoma uani pale. Fundi alikisoma kwa michoro. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na picha ya saa, namba kumi, tone la mafuta na kibano cha mpira wa maji chenye mshale wa kukaza. Alinionyesha ukurasa huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "Masaa kumi ya kwanza," alisema. "Hapo njo magonjwa yake yote ya utoto. Mafuta ya kwanza inatoka na chuma. Mipira inatikisika, vibano vinalegea. Chombo kinaonekana kizima, mais ndani hapana kizima."

Hapa ndipo alipogongana na watu wa mji wetu, na niseme wazi kwamba nilikuwa upande wao. Siku zile, kitu kipya kilichovuka mipaka na vizuizi vyote kikafika kizima kilikuwa kama muujiza. Hakikufunguliwa. Nailoni haikuondolewa, skrubu ya kiwandani haikuguswa, kwa imani kwamba mkono wa fundi ndio mwanzo wa ubovu. Kuna friji zilizotumika miaka mingi Butembo zikiwa na karatasi zake za kiwandani mlangoni. Kumwambia tajiri kwamba chombo chake kipya kinahitaji kufunguliwa baada ya saa kumi tu kulikuwa ni kumtukana.

"Ni mupya!" alifoka tajiri. "Unataka kuifungula juu ya nini? Umeona ugonjwa?"

"Nikiona ugonjwa, papa, itakuwa nimechelewa."

Tajiri huyohuyo, siku alipotembelewa na wageni, aliiwasha boti pale uani, nchi kavu, ili wasikie sauti. Fundi alikuwa barabarani. Alikuja mbio, bisibisi mkononi, akapita katikati ya wageni na kuzima injini bila salamu. Mpira mmoja wa moshi ulikuwa umeanza kunuka.

"Hii inakunywa maji ya ziwa! Ikikosa maji inaungua! Munaiwasha hapa kama groupe ya umeme ya baa?" Akaongeza maneno ya Kilingala aliyojifunza kwa askari, ambayo hayafai kuandikwa, kisha akajikumbuka, akafanya ishara ya msalaba na kuwasalimu wageni mmoja mmoja, taratibu, kwa Kinande: "Wasingya. Wasingya."

Boti ilipopelekwa ziwani kujaribiwa, niligundua jambo lililonishangaza. Fundi wa boti pekee tuliyekuwa naye aliogopa maji. Hakujua kuogelea hata kidogo. Majani ya ufukweni, nyuzi za nyavu na mifuko vilinyonywa na kukwama kwenye wavu ulio chini ya boti. Injini ililia kwa nguvu na chombo hakikusogea. Ilibidi mtu alale kifudifudi nyuma na kuingiza mkono. Fundi alijifunga kamba kiunoni, wavuvi watatu wakaishika, naye akafanya kazi hiyo akisali kwa sauti.

"Papa Fundi," mvuvi mmoja alimtania, "samaki banauliza kama unashuka ao unangojea kualikwa!"

"Baambie niko na mifupa mingi!" alijibu, na meno yakigongana alitoa kokoto iliyokwama kati ya mapanga, akaikagua, akaitia mfukoni. Alirudia kazi hiyo mara nne siku ile. Ndipo pia alipokataa petroli ya madumu iliyoletwa, hadi itulie ndani ya chupa nyeupe juani, na sote tukaona maji yaliyokuwa yamejificha chini yake.

Nimekuwa nikizunguka. Nirudi kwenye kosa.

Utawala wa wakati ule uliichukua boti kwa amri ya karatasi, ukamwachia tajiri stakabadhi. Kamanda aliitaka kwa doria ya ziwa. Doria hiyo ilikuwa na muziki, nyama ya kuchoma na wageni waliovaa miwani ya jua. Kwa kuwa vifaa vya injini viliibwa kila mahali, niliagizwa kulinda mali hiyo, nami niliilinda kwa njia niliyoijua. Nilipitisha waya kwenye kifuniko cha injini, nikaubana, kwa koleo tuliloliita pince, na plombe, kile kipande kidogo cha madini ya risasi chenye namba ya bureau, na nikaandika namba hiyo katika daftari la plombe. Mtu asingeweza kufungua kifuniko bila kukata waya.

Fundi alikuja kwangu Beni akiwa na dumu la mafuta mapya na chujio. Hakuketi.

"Chef, saa ya injini inasoma masaa tisa. Siku ya tatu nimeisikiliza. Kuna mupira moja ya maji inatoka machozi. Kibano kimelegea. Fungula, ninakaza, ninabadilisha mafuta, unafunga tena. Hata nusu saa hapana fika."

"Lete barua ya Kamanda," nilimwambia.

Alikwenda kwa Kamanda. Katibu wa Kamanda akamwambia plombe ni mambo ya bureau ya usafiri. Akarudi kwangu. Nikamweleza kwamba bureau imefunga kwa amri na itafungua kwa amri. Akaenda tena. Akarudi tena. Mara ya tatu aliegemeza mikono yake miwili mezani pangu, juu ya karatasi, ikaacha alama nyeusi.

"Chef. Pince ni yako. Waya ni yako. Iko ya nini kungoja?"

"Utaratibu, Fundi."

"Utaratibu yako itazama mu maji."

Nilikasirishwa na zile alama kwenye karatasi. Hilo ndilo ninalolikumbuka: nilikuwa nikitafuta karatasi nyingine ya kunakili upya wakati yeye akitoka.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Kamanda aliondoka ufukweni na wageni. Kengele ya joto ililia ziwani. Walidhani ni redio, wakaongeza mwendo. Kisha injini ikanyamaza, na upepo ukawachukua kuelekea upande wa pili wa ziwa, ambako hawakuwa na ruhusa ya kufika. Wavuvi waliwavuta mchana kwa kamba, na inasemekana walicheka. Hakuna aliyekufa. Kamanda aliaibika tu, na aibu hiyo ilitafuta mtu wa kuibeba.

Nililetwa kushuhudia. Naandika kwa uangalifu yale niliyoyaona: waya ulikuwa mzima. Plombe ilikuwa nzima, namba yake ni ileile iliyo katika daftari langu. Askari aliukata waya mbele yangu. Ndani, mpira wa maji ulikuwa umechomoka, kibano kikining'inia, injini imeungua. Ofisa aliyeandika taarifa alitamka kwa sauti huku akiandika: fundi alifungua kibano kwa nia ya kuhujumu.

Hakuna mkono uliokuwa umeingia mle tangu nilipofunga mimi. Plombe ile ilikuwa ushahidi kamili wa kumwachilia, na ilikuwa sakafuni karibu na kiatu changu. Fundi alikuwa amepigishwa magoti hatua tano kutoka nilipokuwa. Niliombwa kutia sahihi kama shahidi. Nilitia.

Walimweka ndani ya kontena siku tatu, mikono imefungwa nyuma hadi viwiko vikagusana. Alipotoka, vidole vya mkono wa kulia havikuwa na hisia. Aliendelea kufanya kazi kwa bisibisi na sikio, na mafuta aliyagusa kwa mkono wa kushoto, akikunja uso kama mtu anayesoma maandishi ya kigeni. Vyombo vyake vilichukuliwa. Utawala ulibadilika, ukabadilika tena, faili likabaki. Kila bureau iliyolifungua ilikuta sahihi ya shahidi iliyonyooka, yenye tarehe na muhuri, kazi isiyo na dosari.

Sikuweza kutulia baada ya kustaafu. Nilipanga nyaraka zangu, nikazipanga upya. Nilipopata habari kwamba shule ilimtaka na faili likamzuia, nilipanda pikipiki ya abiria hadi Beu, mtaa mmoja wa Beni, ambako sasa anaishi kwa binti yake. Nilikuwa nimeandaa ungamo la kurasa mbili.

Nilimkuta amesimama uani akinyoosha bawaba ya mlango kwa nyundo, mkono wa kushoto. Binti yake alileta kiti.

"Chef wa plombe!" alisema. "Kaa. Miye sina ya kukaa."

Nilianza kusoma. Nilipofika aya ya nne alinizuia.

"Hata kuungama unaweka namba?"

"Ni ili mambo yasichanganyike."

"Mais nilijua. Siku ile bamekata waya, nimeona weye unatazama chini. Bameniuliza nani alifunga. Nikasema sijue."

"Kwa nini hukusema? Ungejiokoa."

"Bangekufunga na weye. Tunakuwa babili mu kontena, na kitabu ya plombe anabakia nayo nani? Nikasema mu roho: huyu ni muoga, mais karatasi hapana tupa." Aligonga bawaba mara moja, akaitazama. "Donc, njo maana niliingojea. Kitabu unayo?"

"Ninalo."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Ndani ya sanduku."

"Miaka yote hii inafanya nini mu sanduku, Chef?"

Nilizikunja kurasa zangu mbili, nikazitia mfukoni. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Hakuileta mpaka nilipoinuka kwenda kulitoa daftari.

Kwa hiyo, kwa mamlaka yoyote ambayo leo inahifadhi mafaili ya utawala ule: nadai taarifa ya kuharibika kwa boti ifunguliwe upya na ilinganishwe na daftari la plombe, ambalo nimelitoa sandukuni na ninaliwasilisha katika asili yake, bila ukurasa uliopungua. Nadai neno sabotaji lifutwe kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa sahihi na muhuri, ili yeyote atakayelisoma baadaye aone kwamba liliandikwa na kwamba lilikuwa uongo. Nadai Fundi apewe nakala mkononi, na shule ya ufundi ipewe nakala, kabla muhula haujafunguliwa. Nadai aliyeamuru afungwe mikono atajwe kwa cheo na kwa jina. Na kuhusu shahidi aliyetia sahihi akijua, nadai niitwe kwa barua, nihojiwe kwa kiapo mbele ya Fundi mwenyewe, na majibu yangu yafungwe ndani ya faili lilelile, juu ya sahihi yangu.